Chungu kwanza, mazungumzo baadaye: mwongozo kwa wanafunzi wanaotaka kuwafikia wenzao kuhusu chakula na afya ya akili

Mara ya kwanza tulipojaribu kazi hii tulikodi spika, tukabandika mabango ukumbini na kumwalika mhadhiri. Bango kubwa lilikuwa na picha ya samaki wa nchi za baridi, matunda madogo ya zambarau na chupa ya mafuta ya zeituni. Tulipanga viti 200. Walikuja watu 11, na wanne kati yao walikuwa wanakikundi. Mwishoni kijana wa mwaka wa pili alinyoosha mkono, akauliza kwa upole kabisa: "Samahani, hivi vitu vya kwenye bango vinauzwa wapi hapa Morogoro? Na mtu ambaye bumu lake limeisha tangu juzi anaanzia wapi?"

Hakuna aliyeweza kumjibu. (Bumu ndiyo fedha ya kujikimu anayopata mwanafunzi kutoka Bodi ya Mikopo.) Yanayofuata hapa yametokana na miaka mitatu ya kulitafutia jibu swali lake. Nimeyaandika kwa ajili ya wanafunzi wa vyuo vya Tanzania, hasa wale wa lishe, uuguzi, udaktari, ustawi wa jamii na ualimu, ingawa kikundi chochote chenye sufuria na moyo kinaweza kuyafuata.

Jua unachoweza kukisimamia

Kabla hujafungua mdomo mbele za watu, tenganisha lenye ushahidi na lile linalozunguka tu kwenye makundi ya WhatsApp. Kwa uzoefu wangu mambo manne yanatosha, na kila mwanakikundi ayajue kiasi cha kuyaeleza bila karatasi.

La kwanza ni njaa yenyewe. Kati ya mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwachukua vijana wa kiume 36 waliojitolea, wote wakiwa wamepimwa na kuonekana wazima wa mwili na akili. Kwa wiki 24 chakula chao kilipunguzwa hadi karibu nusu ya walichokuwa wakila. Kukonda walikonda, lakini pia wakawa wepesi wa hasira, wakajitenga, wakakosa hamu ya mambo waliyoyapenda, wakashinda wakiwaza chakula, na baadhi wakaingia kwenye huzuni nzito. Huwa nawasimulia wenzangu habari hii kwa sababu ya pasi ndefu. Kila mwanafunzi anaijua: unakula chapati na maharage saa tano asubuhi ili zikusogeze mpaka usiku, na usiku ukifika unakunywa maji ulale. Pasi ndefu ya siku mbili haifanani na jaribio la Minnesota. Lakini mtu aliyeipiga wiki tatu mfululizo kuelekea UE, yaani mitihani ya chuo, halafu anajishangaa kwa nini analia kwa jambo dogo au anagombana na mwenzake wa chumba, ana haki ya kuambiwa kwamba tumbo lake limo ndani ya hilo.

La pili ni kwamba kubadili mlo kunaweza kumsaidia mtu mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Mwaka 2017 Felice Jacka na wenzake wa Australia walitoa matokeo ya utafiti uitwao SMILES. Walikuwa na watu wazima 67 wenye sonona. Kundi moja lilikutana na mtaalamu wa lishe, jingine likapewa mtu wa kukaa nalo na kuzungumza. Baada ya wiki 12, karibu theluthi moja ya kundi la lishe walikuwa wamepata nafuu kubwa kiasi cha kutohesabika tena kuwa na sonona, wakati kundi la pili ni asilimia 8 tu. Ukiusimulia utafiti huu, usiache nusu yake ya pili: ulikuwa mdogo, na wengi wa washiriki walikuwa wakiendelea na dawa au tiba ya mazungumzo. Chakula kiliongezwa juu ya tiba, hakikuiondoa. Walichoshauriwa kula kule ni mboga, matunda, jamii ya kunde, nafaka zisizokobolewa, samaki na karanga. Ukikihamishia Soko la Chifu Kingalu unapata maharage, mchicha, dagaa, karanga, parachichi na dona. Hilo ndilo jibu tulilopaswa kumpa yule kijana.

La tatu ni damu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulionyesha kuwa wanawake 45 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 nchini walikuwa na upungufu wa damu. Mtu mwenye damu pungufu huchoka, hashiki anachosoma, moyo unamwenda mbio akipanda ngazi, hana hamu ya kitu. Kwa nje anafanana sana na mwenye sonona, na wakati mwingine ana vyote viwili. Kipimo cha wingi wa damu ni kidogo na kinapatikana zahanati. Hapa kuna jambo la mezani ambalo watu hulipokea vizuri: chai ikinywewa pamoja na maharage na mchicha huzuia madini ya chuma yasifyonzwe, ilhali ndimu, chungwa au kachumbari huyasaidia. Chai isogezwe saa moja mbele, ndimu ikae kwenye sahani.

La nne ni vinywaji vya kuongeza nguvu. Kafeini iliyomo huchukua muda wa saa tano hivi kupungua hadi nusu mwilini. Aliyekunywa chupa saa mbili usiku, saa saba usiku bado nusu ya kafeini ile inazunguka ndani yake. Halali, mapigo ya moyo yako juu, asubuhi anatetemeka na kuamini ana wasiwasi wa mtihani peke yake. Kisha anakunywa nyingine ili akae macho.

Sasa yale msiyoyasema. Msiseme ndizi huleta furaha kwa sababu ina serotonini. Ndizi inayo kweli, na utumbo wetu wenyewe hutengeneza sehemu kubwa ya serotonini ya mwili, ila serotonini ya kwenye chakula haivuki kuingia kwenye ubongo. Ndizi ni tunda zuri, isifiwe kwa sababu za kweli. Msiuze wala kupendekeza vidonge vya virutubisho. Msimwambie mtu aache dawa za hospitali. Na msimlaumu mtu kwa mlo wake, kwa sababu barabara hii inapitika pande zote mbili: sonona nayo huua hamu ya kula au humfanya mtu ale bila kipimo. Anayeshindwa kunyanyuka kitandani kwenda kununua chakula mnaweza kumhubiria mchicha mpaka jua lizame, hatanyanyuka.

Wiki mbili za kusikiliza

Hatua hii vikundi vingi huiruka, na ndiyo inayoamua kama kazi itasimama. Tafuteni wanafunzi 15 wa hosteli na mitaa tofauti, wakiwemo wanaopanga nje ya chuo, na muwaombe wajaze daftari dogo kwa siku saba. Safu ni tano tu: nimekula nini, saa ngapi, nimekula na nani, nimelala saa ngapi, na leo moyo wangu ukoje, kwa maneno yao wenyewe. Msiweke jina, wekeni alama anayoichagua mwenyewe. Waambieni kabisa kwamba hamtoi maksi.

Tuliposoma madaftari yetu ya kwanza, safu iliyotushtua ilikuwa ya tatu. Chakula chenyewe hakikuwa kibaya kama tulivyodhani. Lakini "peke yangu" ilijirudia ukurasa baada ya ukurasa, na "peke yangu, kitandani" ikawa nyingi zaidi kila siku zilivyosogea mbali na siku ya bumu. Hapo ndipo tulipobadili mpango wote. Tulikuwa tunajiandaa kufundisha watu wale nini, na wao walikuwa wanatuonyesha kwamba hawana wa kula naye.

Chora pia kalenda ya bumu. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 fedha ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo ni Sh 10,000 kwa siku, ikiwa imepanda kutoka Sh 8,500. Mkupuo wa siku 60 ni Sh 600,000. Ukitoa kodi ya chumba, nauli, kiasi anachotuma nyumbani kwa mama na deni la mkupuo uliopita, utaona mwenyewe wiki ambayo watu wanahama kutoka zege (chipsi mayai) na kuku kwenda ugali na mchuzi mtupu. Na wapo wasiopata mkopo kabisa, ambao kalenda yao ni ngumu zaidi. Shughuli yenu iwekeni wiki ile ngumu. Wiki ya bumu hakuna atakayekuja, na hata akija hana shida ya kuongelea.

Kisha nendeni kwa mama ntilie. Nendeni saa tisa alasiri wateja wakipungua, mpe shikamoo, kaa kwenye benchi lake, msaidie kuosha vyombo kama anaruhusu. Mama mmoja pale karibu na geti alituambia, huku akifuta meza na bila kututazama: "Yule mrefu wa ghorofa ya juu, zamani alikuwa anachukua wali samaki na kunitania. Siku hizi anachukua ugali na mchuzi, anakaa pale pembeni, hanisalimii. Juzi hakuja, jana hakuja." Hakuna dodoso lililowahi kutupa taarifa kama ile. Tulimfuata yule ndugu siku hiyo hiyo. Tangu hapo mama ntilie kwetu ni mshirika wa kwanza, kabla ya mhadhiri na kabla ya mfadhili.

Zungumza naye biashara pia, kwa heshima, kwa kuwa ana watoto wa kulisha. Tulimwomba mambo mawili tu: mboga za majani ziingie kwenye kila sahani hata ya bei ya chini, na kuwe na nusu sahani ya ugali, maharage na mboga kwa ambaye hela imemwishia, bila kuulizwa mbele za watu. Akakubali la kwanza palepale. La pili akalikubali baada ya sisi kuahidi kumletea mchicha kutoka kwa wakulima wa Mgeta kwa bei ya jumla mara mbili kwa wiki. Ahadi ile tuliitimiza, na hapo ndipo alipotuamini.

Watu wa kikundi

Watu wanane hadi kumi na wawili wanatosha. Wasiwe wa kozi moja. Mnahitaji mtu wa lishe na mtu wa uuguzi au saikolojia, lakini mnahitaji zaidi mtu anayejua kupika kwa ajili ya wengi, mtu wa hesabu asiyeona aibu kudai risiti, na wavulana wa kutosha wanaoshika mwiko. Kundi likiwa la wasichana watupu, wavulana wa hosteli wataiona shughuli si yao, na wavulana ndio wagumu zaidi kusema "mimi siko sawa." Tafuteni pia mtu mmoja aliyewahi kupitia sonona na kupona au anayeendelea na matibabu, kama mwenyewe anataka kujulikana. Asilazimishwe kusimulia. Kuwemo kwake kwenye vikao kutawazuia kusema mengi ambayo hampaswi kuyasema.

Njia ya rufaa, kabla ya kununua hata kitunguu

Mkiwaalika watu kuongelea afya ya akili, watafunguka. Mmoja ataongea jambo zito kuliko uwezo wenu. Siku hiyo ni lazima mjue mnampeleka wapi, kwa nani, saa ngapi, na kwa nauli ya nani. Kama hamjui, msianze.

Andikeni karatasi moja yenye majina ya ofisi na namba zake, mkishazihakiki kwa kupiga. Zahanati ya chuo: ni siku zipi kuna mtu aliyesomea afya ya akili? Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi: nani anashika simu usiku? Hospitali ya rufaa ya mkoa: kliniki ya afya ya akili ni siku gani, na mwenye bima ya mwanafunzi anapitia dirisha lipi? Nendeni wenyewe wawili, mtembee njia nzima kutoka geti la hospitali hadi mlango wa kliniki, mkihesabu foleni na vibao. Tulipofanya hivyo tuligundua kwamba mgonjwa mpya alitakiwa kufika kabla ya saa mbili asubuhi. Tungemtuma mtu saa sita mchana angerudishwa, na mtu wa namna ile akirudishwa mara moja harudi tena. Kwa walio chini ya miaka 18 kuna namba 116 ya huduma kwa mtoto, ambayo kupiga ni bure. Kwa matatizo makubwa zaidi zipo Muhimbili na Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, Dodoma, ila huko watafikishwa na daktari, si na ninyi.

Wengi watawashauri mgawe PHQ-9, lile dodoso la maswali tisa la kupima sonona, kwa sababu lipo kwa Kiswahili na ni fupi. Mimi nasema hapana kwenye mikusanyiko. Swali lake la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Ukiokota karatasi 60 jioni na kuzisoma kesho yake, utakuwa umemwacha mtu aliyeandika "karibu kila siku" alale na jibu lake peke yake. Dodoso hilo litumike mahali ambapo mhudumu yupo na anasoma majibu papo hapo.

Vibali na fedha

Ndani ya chuo, barua kwa Mshauri wa Wanafunzi ikipitia serikali ya wanafunzi, na nakala kwa msimamizi wa hosteli. Semeni wazi mtapika wapi, kwa nishati gani, mtungi wa gesi utakaa umbali gani kutoka kwenye majengo. Hosteli nyingi zimekataza majiko vyumbani na zina sababu. Kama mnataka kukusanya takwimu ili mje mzichapishe, huo ni utafiti na unahitaji kibali cha maadili. Madaftari yangu ya siku saba yalikuwa ya kupangia kazi tu, tukayarudisha kwa wenyewe.

Fedha isiwe kisingizio. Kwa watu 40 tulitumia dona kilo 8, maharage kilo 3, dagaa wakavu kilo moja na nusu, karanga za kutwanga kilo moja, nyanya na vitunguu vya kutosha, ndimu 20, mchicha mafungu kwa jicho la mpishi, na gesi. Wanakikundi walichanga, viongozi wa madarasa wakapitisha daftari la mchango, muuza genge akatupa nyanya laini kwa nusu bei. Mfadhili wa soda akija na bango lake, mshukuruni na mkatae.

Siku ya chungu

Jumamosi, saa nne asubuhi, chini ya mti au uwanja wa nyuma wa hosteli. Msiandike "semina" kwenye tangazo. Andikeni: "Jumamosi tunapika pamoja. Njoo na sahani yako." Chini kwa herufi ndogo lakini zinazosomeka: "Tutaongea pia kuhusu chakula, usingizi na mawazo." Ukificha nusu ya pili watu watajiona wametegwa.

Msipike kabla. Kosa hili tulilifanya mara moja: watu walifika, wakala, wakaondoka. Kazi ya kuandaa ndiyo shughuli yenyewe. Tandikeni mikeka, wekeni sinia tatu: moja ya mchicha wa kuchambua, moja ya maharage au mchele wa kuchagua mawe, moja ya dagaa wa kutoa vichwa. Kila sinia izungukwe na watu sita hadi nane, na mwanakikundi mmoja akiwemo kama mchambuaji, si kama mwalimu.

Sinia la dagaa ndilo lililonifunza zaidi. Dagaa wanataka subira: unamshika mmoja mmoja, kichwa kinang'oka na utumbo wake mweusi, unamtupia kwenye bakuli, unachukua mwingine. Macho yako chini, vidole vina kazi, hakuna anayekukodolea. Dada mmoja wa mwaka wa kwanza alikaa kwenye sinia lile karibu muda wa saa nzima bila neno. Bakuli likiwa limejaa akasema, akiendelea kung'oa vichwa: "Mimi tangu tufungue sijala na mtu." Hakuna aliyesimama kumkumbatia, hakuna aliyeanza kumshauri. Aliyekuwa kando yake akasogea kidogo, akamwambia, "Mimi niko chumba cha pili kutoka ngazi. Leo usiku napika viazi." Dada akaitika kwa kichwa, wakaendelea na kazi. Mwezi uliofuata dada yule ndiye aliyekuwa akishika sinia.

Wakati vitu viko jikoni, ndipo mnapoleta yale mambo manne, jambo moja kwa dakika tano, aliyesimama karibu na sufuria akionyesha kwa mkono. Kwenye dagaa ongelea madini ya chuma, vitamini B12 na mafuta ya omega-3 waliyonayo hawa wadogo wa bei ndogo. Mkikamua ndimu kwenye mchicha, ongelea chai. Upishi wenyewe ni huu: dagaa waoshwe kwa maji ya vuguvugu mara tatu mchanga utoke, wakaangwe kavu kidogo, vitunguu na nyanya viive mpaka vilainike, dagaa waingie, karanga zilizotwangwa na kukorogwa kwa maji zifuate moto ukiwa mdogo, mchicha mwishoni kabisa, dakika tatu, ufunike, uepue. Ndimu mezani.

Andaeni pia meza ya asiye na jiko. Mayai ya kuchemsha, parachichi na chumvi, karanga za kukaanga, ndizi mbivu, viazi vitamu vya kuchemsha, maziwa mgando. Kwa anayeishi chumba kisichoruhusu moto, meza hii ina faida kuliko chungu. Onyesheni sahani mbili za bei moja upande kwa upande, chipsi kavu na soda, halafu ugali, maharage, mchicha na parachichi. Watu wafanye hesabu wenyewe. Wala msiiite chipsi sumu. Aliyekosa usingizi saa sita usiku na zege ndiyo inayopatikana, aile ashibe.

Mezani wekeni sharti moja tu: hakuna kupima uzito, hakuna kutaja unene wa mtu, hata kwa utani. "Umenenepa, bumu limekukubali" ni maneno tunayorushiana kila siku kwa upendo, lakini kwenye mkeka ule anaweza kuwepo anayejinyima au anayejitapisha kwa siri, na neno moja humrudisha nyuma miezi.

Angalieni kalenda ya mifungo. Ramadhani na Kwaresma zikiingia, hamisheni chungu kiwe cha kufuturu, na mwambieni anayetumia dawa za afya ya akili amwone daktari wake kabla ya kufunga, kwa sababu baadhi ya dawa, kama lithiamu, zinahitaji maji ya kutosha mwilini.

Mtu akifunguka

Fanyeni mazoezi ya hili wawili wawili, mara nyingi, mpaka lisiwe geni. Wengi wetu tumelelewa kujibu uchungu kwa ushauri: "Jikaze," "Omba tu," "Wenzio wana shida kubwa kuliko yako." Sala ni yake na ina nguvu kwake, usimnyang'anye, ila usiitumie kumnyamazisha. Anza na "Asante kwa kuniambia." Kisha uliza: "Imeanza lini?" "Usiku unalala?" "Nani mwingine anajua?" Nyamaza kiasi cha kumpa nafasi. Ukimya wa dakika moja unatisha, uache upite.

Ukihofia uhai wake, muulize waziwazi, kwa sauti ya kawaida: "Umewahi kuwaza kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi humpa mtu pumzi, kwamba hatimaye kuna aliyethubutu kulitaja. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, usiahidi kutunza siri hiyo, vitu vya kujidhuru viondolewe karibu naye, na wawili wenu mwende naye kwa miguu au kwa bajaji hadi zahanati au hospitali, usiku au mchana. Yaliyobaki yote aliyokusimulia ni siri na yabaki siri. Mwanakikundi aliyemsindikiza naye aulizwe kesho yake amelalaje. Kazi hii hubaki mwilini kwa aliyeifanya.

Mkitaka kwenda sekondari

Siku ya Afya ya Akili Duniani ni tarehe 10 Oktoba na Siku ya Chakula Duniani tarehe 16 Oktoba. Vyuo vingi wakati huo havijafungua vizuri, lakini sekondari zipo darasani na kidato cha nne wanakaribia mtihani wa Novemba. Ni wiki nzuri ya kwenda. Pelekeni barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, ipite kwa afisa elimu sekondari, kisha kwa mkuu wa shule. Mjulisheni pia afisa lishe wa halmashauri: kazi yake nyingi imeelekezwa kwa watoto wadogo na wajawazito, na wengi hufurahi kupata wasaidizi upande wa vijana.

Kwenye shule za kutwa ulizeni kwanza kama kuna chakula cha mchana. Kama hakuna, msiende kufundisha mlo kamili watoto watakaokaa na njaa mpaka saa kumi. Kaeni na kamati ya shule na wazazi, mwanzie kwenye uji wa saa nne. Na mwalimu mlezi awepo tangu mwanzo, kwa kuwa ninyi mtaondoka na mtoto aliyefunguka atabaki naye.

Kupima na kukabidhi

Idadi ya sahani zilizoliwa haiwaambii mengi. Sisi tuliandika mambo matatu kila mwezi: watu wangapi wamerudi mara ya pili, wangapi wamesindikizwa hadi kliniki na wakafika, na wangapi wanapika pamoja bila sisi. Hili la mwisho tulilipata kwa kupita koridoni Jumanne jioni, tukisikia sauti na harufu.

Wanakikundi humaliza chuo, na kikundi hufa Julai. Kwa hiyo kufikia Aprili kila nafasi iwe na wawili, mmoja wa mwaka wa mwisho na mmoja wa mwaka wa kwanza au wa pili. Karatasi ya rufaa ihakikiwe upya kila muhula kwa kupiga namba zote. Sufuria, mwiko, sinia na mikeka viandikwe kwenye daftari, na wakati wa likizo vitunzwe kwa mama ntilie, ambaye yeye hafungi chuo. Mkifungua, mwendeeni siku ya kwanza, kabla ya kujisajili, mumuulize nani hajamwona tangu mwaka jana.